Shemeji yangu na siasa za Marekani: nihame au nivumilie? Naombeni ushauri

Kijana_wa_Kibada:
Wakuu, habari za usiku.

Naandika huku mikono inatetemeka, mnisamehe mpangilio. Niko Columbus, Ohio. Niliingia Marekani 2019 kwa bahati nasibu ya grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu). Mwanzo nilikaa jimbo jingine kwa rafiki, na tangu 2022 naishi kwa dada yangu mkubwa na mumewe, chumba cha chini. Shemeji ni mtu wa Moshi, yuko huku zaidi ya miaka ishirini, ana uraia, ni mzee wa kanisa, na ni Mrepublican wa kutupwa. Runinga ya sebuleni ikiwashwa asubuhi ni Fox News, kituo cha wahafidhina, mpaka watu wanalala. Mimi nawaelewa zaidi Wademokrat, hasa kwenye wahamiaji, bima ya afya na haki za wafanyakazi.

Zamani tulibishana tukicheka. Tangu uchaguzi wa 2024 kicheko kimeisha. Kila chakula cha Jumapili kimekuwa mahakama: mpaka, mimba, jinsia, Trump. Jumapili iliyopita mambo yalifika pabaya, shemeji akanitolea maneno mbele ya dada na watoto. Dada aliacha mwiko ndani ya sufuria akaenda chumbani. Tangu hapo mimi na shemeji tunapishana ngazini bila salamu.

Nimeshaona chumba upande wa pili wa mji, nimelipa kishika chumba dola 400. Swali langu: nihame kimya kimya, au nimwombe radhi mtu ambaye sijamkosea?

Mzee_wa_Gongo:
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mwaka wa tatu bado unagombea rimoti! Hama kijana, kanunue runinga yako uangalie Wademokrat mpaka uchoke.

MamaNuru_Dallas:
Mimi ni mhafidhina na simwogopi mtu kusema hivyo. Nilipata uraia 2012, kura yangu ya kwanza nikampa Obama kwa sababu baba yake alikuwa Mkenya na nilikuwa nalia kwa furaha. 2016 nikahamia upande wa pili. Sababu ni mimba. Nimezaa watoto wanne, mmoja daktari alinishauri nimtoe, leo anacheza mpira wa kikapu shuleni. Nikimwangalia siwezi kupigia kura mtu anayeniambia yule hakuwa mtu. Shemeji yako huenda ana jambo lake la namna hiyo moyoni, umewahi kumuuliza? Au unamjibu tu ulichosoma kwenye simu?

Kinyerezi_Kati:
Dada Dallas nakuheshimu, lakini nyie mnaopiga kura huko hamjui inavyofika huku. Mimi nilikuwa mratibu wa mradi wa kufuatilia wagonjwa wa VVU, Kanda ya Ziwa. Trump aliposimamisha misaada ya nje ya Marekani Januari 2025 tuliambiwa tusije kazini kesho yake. Nilikuwa na daftari la kina mama 61 ambao nilitakiwa kuwapigia simu wiki ile. Daftari bado ninalo, liko juu ya kabati. Mleta mada, usimwombe radhi mtu.

Mchambuzi_wa_Kahawa:
Tuweke mambo sawa, maana watu huku wanadhani vyama hivi vilishuka kutoka mbinguni vikiwa na rangi zake. Sheria ya 1986 iliyowapa makaratasi watu wapatao milioni 2.7 waliokuwa hawana ilisainiwa na Rais Reagan, Mrepublican. Bahati nasibu aliyoingilia mleta mada imo kwenye sheria ya 1990: aliyeisukuma sana bungeni ni Schumer, Mdemokrat, na aliyesaini ni Bush baba, Mrepublican. Obama naye, watetezi wa wahamiaji walimwita mkuu wa kufukuza.

Na hiyo Ohio yenyewe ilimpa Trump ushindi 2016, 2020 na 2024. Lakini Novemba 2023 wapiga kura wa Ohio hao hao waliingiza haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo, mwaka mmoja na ushee baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kufuta ile hukumu ya 1973 iliyolinda haki hiyo nchi nzima. Kwa hiyo wapo waliompigia Trump na wakapigia na hilo. Ukikaa mezani na mhafidhina usidhani umeshamjua yote.

Shangazi_Rehema:
Mwanangu, nimesoma mara mbili. Wote wanajibu siasa. Umesema shemeji "alikutolea maneno". Maneno gani? Dada yako amezoea kelele zenu, hawezi kuacha mwiko kwenye sufuria kwa sababu ya Trump.

Kijana_wa_Kibada:
Shangazi, ni maneno ya kunidhalilisha tu. Alinitishia. Nisingependa kuingia ndani zaidi.

Shangazi_Rehema:
Alikutishia nini? Kukufukuza? Kukupiga? Unaomba ushauri wa kuhama nyumba ya dada yako, halafu unataka tukushauri gizani.

Mzee_wa_Gongo:
Shangazi ameshika shingo ya kuku. Sema.

Kijana_wa_Kibada:
Sawa. Runinga ilikuwa inazungumzia wageni wanaopiga kura. Shemeji akasema ndivyo nchi inavyoibiwa. Mimi nikamjibu kwa hasira: "Hakuna mgeni anayepiga kura nchi hii, huo ni uongo wa runinga yako." Akashusha sauti ya runinga, akanigeukia: "Hakuna? Na ile picha yako ya 2020?"

2020 nilipiga kura. Nilikuwa na grini kadi ya mwaka mmoja. Nilipokwenda kuchukua leseni ya udereva waliniuliza kama nataka kujiandikisha, nikajibu ndiyo, wakauliza chama nikasema Democrat. Siku ya uchaguzi nilisimama foleni na wenzangu wa ghalani, nikapewa stika ya "I Voted", nikaibandika kwenye jaketi nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu la familia. Mama alijibu kwa mikono ya kushukuru, saba. Nilidhani mtu mwenye grini kadi anayelipa kodi anaruhusiwa. Naapa nilidhani hivyo.

Sasa nimetimiza miaka mitano, nimejaza fomu ya uraia, dola 710 za ada nimeziweka kando. Lile swali la kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura nimeweka Hapana. Sijatuma bado. Kura moja ya miaka mitano iliyopita, nani ataikumbuka? Ndiyo maana nataka kutoka nyumba ile kabla shemeji hajapiga simu mahali.

Mzalendo_Houston:
Mnaona? Siku zote mnatuambia ni uzushi, leo mmoja amejileta mwenyewe. Shemeji yako alikuwa na haki.

Kinyerezi_Kati:
Mtu mmoja aliyejichanganya dirishani ndiyo wizi wa uchaguzi? Majimbo yamekuwa yakikagua madaftari, yanakuta wachache sana kati ya mamilioni, na wengi wao ni kama huyu. Msimgeuze kijana wa watu kuwa kampeni.

Mzalendo_Houston:
Hata mmoja anafuta kura ya raia mmoja. Mimi nilisubiri miaka kumi na moja kupata hiyo karatasi.

PapaUpanga:
Jamani subirini, hii ni chai, leteni maandazi. Mimi nimeishi Cincinnati miaka tisa. Ohio ukijiandikisha kupiga kura HUULIZWI CHAMA. Fomu haina sehemu hiyo. Chama chako kinajulikana kwa karatasi unayochukua kwenye kura za mchujo. Sasa huyu aliulizwa chama na nani? Ameokota habari za mitandaoni akazishona. Na akaunti yake ina siku mbili.

Mzee_wa_Gongo:
Doh! Na mimi nilishaanza kumhurumia.

MamaNuru_Dallas:
Nilihisi. Ile habari ya mwiko ilikuwa nzuri mno.

Kijana_wa_Kibada:
Someni nilichoandika juu kabisa. Mwanzo niliishi JIMBO JINGINE. Leseni na kura ni huko, Ohio nimehamia 2022. Akaunti ina siku mbili kwa sababu ya zamani ina jina ambalo kijiji kizima kinalijua. Mnadhani ningetunga kitu kinachoweza kunifukuzisha?

Mchambuzi_wa_Kahawa:
PapaUpanga yuko sahihi kuhusu Ohio, lakini vuka mpaka uende Pennsylvania, Kentucky au West Virginia: kote huko fomu inauliza chama. Na ofisi za leseni kuuliza habari za kura ni sheria ya 1993, wamepewa kazi hiyo. Karani anauliza kila anayefika mbele yake, mgeni anaitikia kila kitu ili apate leseni aondoke. Habari yake inaingia akilini.

PapaUpanga:
Kama ni hivyo naondoa neno chai. Bado sipendi alivyoificha.

Nesi_wa_Zamani:
Mimi si mwanasheria, ila nimeona jambo hili kwa mtu wangu wa karibu, kwa hiyo nisikilize. Hiyo "Hapana" ni hatari kuliko kura yenyewe. Tangu sheria ya 1996 asiye raia kupiga kura ya rais au bunge ni kosa la jinai, na mwenye grini kadi anaweza kuondolewa nchini. Halafu kuna suala la kujiandikisha: kama kwenye ile fomu ulisaini kwamba wewe ni raia, hilo ni kosa jingine, peke yake. Ukidanganya tena chini ya kiapo umejiongezea la tatu. Na usiseme hakuna atakayekumbuka. Daftari haliandiki ulimchagua nani, lakini linaandika kwamba ulipiga. Mwaka huu wa 2025 majimbo yanalinganisha madaftari yao na kumbukumbu za uhamiaji kwa mfumo wa serikali kuu uitwao SAVE.

Fomu usitume. Wala usikimbilie kujifuta kwenye daftari leo usiku kwa kuogopa. Tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Wale wajaza fomu wa mtaani wenye kibao cha "notary" huku si mawakili, usiwape hata jina. Picha usimtumie mtu yeyote.

Kijana_wa_Kibada:
Kwa hiyo miaka yote hii...

Shangazi_Rehema:
Pumua kwanza. Nina swali moja. Baada ya "ile picha yako ya 2020", shemeji alisema nini? Nipe maneno yake yenyewe, usinipe maana uliyoisikia wewe.

Kijana_wa_Kibada:
Alisema: "Hiyo fomu usiitume. Nasema usiitume." Nikamuuliza unanitisha? Akasema, "Ukiituma hakuna mtu wa kukuokoa nyumba hii." Mimi nikaondoka.

Shangazi_Rehema:
Mwanangu, huyo ndiye wa kwanza kukuambia alichokuambia Nesi. Amekwambia kwa mdomo mbaya, mbele ya watoto, katikati ya ubishi wa runinga, hapo amekosea. Picha ameiona 2020. Leo ni 2025. Angetaka kupiga simu alisubiri nini?

Mzalendo_Houston:
Hapo shangazi umenifunga mdomo.

Kijana_wa_Kibada:
Nimerudi. Nilipanda juu saa tano usiku, nikamkuta jikoni peke yake anakula mchuzi wa samaki uliobaki, runinga imezimwa. Nikamwekea fomu mezani. Akavaa miwani akaisoma ukurasa kwa ukurasa, akafika pale nilipoweka Hapana, akaweka kidole hapo muda mrefu. Kisha akasema hapati usingizi tangu niliposema naijaza. Kuna muumini wao alipitia hayo hayo, ana namba ya wakili wake. Jumanne saa nne asubuhi. Amesema atanipeleka yeye.

Bado anaamini kura zinaibiwa. Amenirudia hata pale mezani. Mimi bado siamini.

Chumba nitakijua baadaye. Kinachonikosesha usingizi sasa ni tiketi ya Desemba. Mama anafanyiwa upasuaji Muhimbili na nilishaikata.

Nesi_wa_Zamani:
Hiyo tiketi iwe kitu cha kwanza kumwambia wakili, kabla hata hujakaa. Ukirudi unaulizwa upya pale uwanja wa ndege.

Kijana_wa_Kibada:
Nimeelewa. Mama sijamwambia bado.