Msaada: wali wa embe mbichi, na mwongozaji anayetaka naan mezani

Binti_Korogwe:
Habari za jioni wakuu. Nasoma filamu hapa Bengaluru, kusini mwa India. Wiki ijayo tunapiga filamu fupi ya familia ya Wakannada, wenyeji wa huku, asubuhi ya Ugadi, mwaka mpya wao, na mimi nimepewa jiko. Chakula ni mavinakayi chitranna, wali wa embe mbichi. Mama mwenye nyumba amenipikia mara nyingi, ila sasa kaenda kijijini.

Jana nimejaribu, umekuwa bokoboko, mchachu hadi meno yakaingia ganzi. Linaloniuma zaidi ni mwongozaji wetu, si mtu wa kusini: anataka basmati, vipande vya embe bivu juu, na naan (ile mikate bapa) pembeni, eti rangi itapendeza. Nimekula kwa hawa watu, nitawawekeaje meza isiyo yao? Nimwambieje?

Jiko_la_Bibi:
Pole mwanangu. Umechanganya wali ukiwa wa moto. Chukua mchele wa sona masuri, upike uchambuke, utandaze kwenye sinia upoe kabisa. Embe iwe ngumu, ya kijani, uikune. Vikombe viwili vya wali kwa nusu kikombe cha embe, uonje ndipo uongeze. Mafuta yakipata moto tia haradali. Zikiacha kurukaruka, dengu zilizopasuliwa, choroko nyeusi zilizomenywa na karanga hadi ziwe rangi ya dhahabu. Kisha pilipili kavu, majani ya mchuzi, mvuje kiduchu, manjano. Embe ipite motoni dakika mbili tu, umalizie na wali.

Msafiri_Chennai:
Embe bivu na wali wa kunata ni ya Thailand hiyo! Naan ni ya kaskazini. Huo wali wako wa embe mbichi, majirani wa hapo kusini, Watamil, wanauita maangai sadam, Watelugu mamidikaya pulihora. Filamu nyingi za Kihindi zimewatia watu wote wa kusini kapu moja, "Madrasi" (mtu wa Madras), na mshangao "aiyo" kila sentensi, na wenyewe linawakera hadi leo. Usibishane naye, mpangie meza aione: jani la mgomba, ncha kushoto kwa mlaji, wali wa manjano, pilipili nyekundu. Kando weka bevu bella, maua ya mwarobaini na sukari guru, ndiyo Ugadi yenyewe.

Binti_Korogwe:
Asanteni sana. Wa leo umechambuka! Mama mwenye nyumba anarudi Jumamosi, amekubali tuipige filamu mikono yake akitia haradali. Embe bivu mwongozaji ameliacha. Naan bado anaing'ang'ania. Kesho naenda na jani la mgomba.