Kupangia miradi hela ya viwanja ambavyo havijauzwa: Hong Kong wamekosea wapi?

Wakuu salama? Kila bajeti ikikaribia lazima atokee mtu aseme serikali ikiishiwa ipime viwanja iuze, ijenge. Sasa tuwaangalie Hong Kong maana wao ndo mabingwa wa hiyo kitu.

Kule ardhi ni ya serikali karibu yote (kanisa kuu la St John's ndo limebaki peke yake na kiwanja chake), developa (mjenga majumba) anashinda zabuni anapewa kiwanja kwa miaka maalumu. Hela haichanganywi na ya mishahara, inaenda mfuko maalumu wa ujenzi ulioanzishwa 1982. Hapo sina shida nao.

Shida ni makisio. 2017/18 walikisia bilioni 101 za dola zao, zikaingia zaidi ya 160. Riba zilipokuja kupanda madevelopa wakaufyata, 2023/24 wakakisia 85 zikaja kama 20 hivi, mwaka uliofuata wakajishusha mpaka 33, na hata nusu ya hiyo haikufika. Na huku ujenzi wamepanga wastani wa bilioni 120 kwa mwaka!

Mi siwalaumu wanaopiga hesabu. Muuzaji ni serikali yenyewe, ofa ikiwa ndogo inakataa, kuna zabuni za 2023 ziliishia hivyo, sasa utakisiaje mauzo ya duka ambalo mwenyewe unaweza kulifunga muda wowote? Kosa ni kumsainisha mkandarasi wa miaka kumi kwa kutegemea bei ya kiwanja ya mwaka mmoja.

Karibuni.

—

Mkuu napinga. Soko likilala ndo muda wa kujenga, wakandarasi wana njaa na vijana hawana kazi. Akiba wanayo, deni lao dogo, wakope tu. Ukisubiri viwanja vichangamke utajenga wakati kila kitu kimepanda.

—

Kukopa sijakataa, hatifungani wameshaanza kutoa. Swali langu linalipwa na nini? Chukua vile visiwa vya kutengeneza vya Kau Yi Chau, gharama walisema bilioni 580, watu wakashtuka, wakaambiwa tulieni viwanja vyake vitarudisha kama 750. Soko likaanguka, mradi ukasogezwa mbele. Hiyo 750 ilikuwa bei ya soko lililochangamka, nani aliwaambia litabaki hivyo miaka yote ya kujaza bahari?

—

Mnasahau kwa nini wanang'ang'ania. Kodi ya faida ya makampuni kule ni 16.5% na VAT hakuna kabisa, pengo linazibwa na ardhi, kwa hiyo mwananchi anayesifiwa halipi kodi anailipa kwenye bei ya chumba. Huku kwetu Tanzania ardhi nayo ni ya umma, tunapewa hati za miaka 33, 66 au 99, ila kodi tunalipa palepale. Mleta mada, wewe ungekuwa waziri wao wa fedha ungepandisha kodi ipi na mtaani ungepitaje?