Tupeane uzoefu: picha ya radi, nyota au mnyama iliyokuponyoka

Mwanzisha mada
Wakuu, jana usiku nimemwona bundi juu ya mti mkavu, mwezi mzima nyuma yake. Nimeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi, nimeinua kamera, naona ukungu mtupu. Nikapangusa lenzi kwa fulana, ukarudi. Nikapangusa tena, ukarudi. Bundi akageuza kichwa taratibu, akanitazama, akaruka bila mbawa kutoa hata mnong'ono. Bado inaniuma. Wenzangu, ninyi mliponyokwa na nini?

Kilimia
Pole sana. Kamera iliyopoa ikikutana na hewa yenye unyevu lazima itoe jasho. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujashuka, iache humo nusu saa izoee joto la nje.

Jicho la Kipanga
Nusu saa bundi anamsubiri nani? Zima kiyoyozi mapema ufungue madirisha, basi.

Mama Ndege
Yamenikuta hayo hayo, tena kwa mdiria aliyekuwa na samaki mdomoni.

Mwinda Radi
Mada hii imenigusa pabaya. Mimi picha niliipata, nusura niondoke mwenyewe.

Nilikuwa kilimani jioni, wingu limesimama ng'ambo ya bonde. Kamera iko juu ya stendi, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), fokasi nimeitoa kwenye otomatiki, shata, yaani kilango cha mwanga, inabaki wazi sekunde 20 kila picha. Umeme ukimulika, nahesabu hadi ngurumo ifike. Arobaini. Arobaini na mbili. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, kwa hiyo nikajua bado iko mbali. Kisha nikanasa moja: umeme wenye matawi matano umeshuka hadi chini. Hapo nikaacha kuhesabu. Kosa langu ni hilo, msitafute jingine. Nimeinamia kioo cha kamera, nakuza picha, nahesabu matawi badala ya sekunde.

Nikasikia mvumo kama wa nyuki mzingani. Nikadhani ni simu. Kumbe ni stendi. Kutazama mkono, vinyweleo vyote vimesimama wima, na nywele za kisogoni nazihisi zinavutwa juu. Sikumbuki kuamua lolote. Niliacha kamera pale pale nikateremka mbio, nikaanguka, nikainuka na udongo mdomoni. Ilipopiga sikusikia ngurumo hii tunayoijua. Ulikuwa mpasuko, kama ubao mkavu unavunjiwa sikioni, na dunia yote ikawa nyeupe. Nilipofika kwenye gari mikono ilitetemeka hadi ufunguo ukakataa kuingia.

Nilirudi asubuhi. Stendi imelala, lenzi imejaa maji, na mti uliokuwa hatua kama thelathini kutoka hapo umechanika gamba kuanzia juu hadi shinani. Kadi ya kumbukumbu ilipona. Ile ya matawi matano ninayo, ila sijawahi kuitundika ukutani.

Mama Ndege
Mwili umenisisimka. Ashukuriwe Mungu.

Kilimia
Ndiyo maana tunasema hesabu ikishuka chini ya 30, jifungie ndani, na usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mlinzi wa Machweo
Sikubaliani. Ukiisikia ngurumo, tayari uko karibu mno. Radi hupiga hata mahali ambapo mvua haijafika. Mimi hupiga picha nikiwa ndani, dirisha limefungwa, taa zimezimwa. Vitone vya mvua kwenye kioo havinisumbui.

Jicho la Kipanga
Turudi kwa bundi. Mchezee mlio wa bundi kwenye simu, atarudi mwenyewe.

Mama Ndege
Usimfundishe hivyo! Akisikia mlio anadhani mpinzani ameingia kwake. Anaacha kuwinda, na kama ana makinda yanabaki na njaa.

Jicho la Kipanga
Mara moja tu haidhuru, dada.

Mama Ndege
Na wa kesho atasema mara moja tu. Mwanzisha mada, nakuomba, usitaje huo mti uko wapi.

Mgeni wa Nyota
Mimi nililia kwa nyota. Lenzi ya milimita 50, sekunde 30, usiku kucha. Kufika nyumbani kila nyota imekuwa kijiti.

Kilimia
Gawanya 500 kwa milimita za lenzi, upate sekunde ambazo shata isizidi kubaki wazi. Kwa 50 ni sekunde 10.

Mlinzi wa Machweo
Kwa kamera za sasa hata 10 ni nyingi. Anzia 5, kisha ukuze picha uone.

Mwanzisha mada
Nimerudi leo, madirisha wazi njia nzima. Lenzi safi kabisa. Nimekaa hadi mwezi ukazama, hakuja. Simu sikuigusa, Mama Ndege. Mwinda Radi, uliwahi kurudi kilimani?

Mwinda Radi
Mara moja, mchana, bila wingu hata moja. Jeraha la mti limeanza kuziba pembeni. Niliupiga picha huo mti. Hiyo nimeitundika.

Mgeni wa Nyota
Samahani wakuu, lenzi yangu ilinyeshewa wiki iliyopita, sasa ndani naona utando kama wa buibui. Ndiyo fangasi wenyewe?