Gemu la kubeba mizigo linaweza kushika mabandani au litabaki la wachache?

Banda_Kirumba
Habarini wakuu. Nina banda la gemu hapa Kirumba, Mwanza, mashine za PlayStation, PS4 tatu na PS5 moja, na mnajua wenyewe mabandani gemu la mpira ndo linatawala, mechi moja shilingi mia tatu, unafungwa unashuka. Sasa kwenye hiyo PS5 nimeweka Death Stranding 2 ya Kojima, yule mtunzi wa magemu wa Japani, ile iliyotoka Juni 2025. Kupigana kupo ila kazi kubwa humo ni kupeleka mizigo, unapanda milima, unavuka mito, unashikilia vitufe vya L2 na R2 kwenye padi mzigo usikuangushe. Vijana wanasimama nyuma dakika mbili wanauliza "anapigana saa ngapi?" halafu hao, wanarudi kwenye mpira. Mi nalipenda mno yani roho inaniuma. Linaweza kuwa la wengi kweli?

PadiMoja_Igoma
Mkuu ugeni wa gemu sio tatizo. Rocket League magari yanacheza mpira, nani angewaza? Na toleo lake la kwanza watengenezaji walilitoa 2008 kwenye PS3, jina refu mpaka unachoka, halikuvuma, wakarudi 2015 ndo likashika. Ila lile mtu akisimama nyuma ya kiti anaelewa hapo hapo, mpira, goli, dakika tano limeisha mwingine ashike padi. Lako linataka mtu akae masaa na foleni inamsonya mgongoni. Mi naona litabaki la wachache.

Mama_Nyegezi
Nakukatalia kaka. Among Us lilitoka 2018 likakaa kimya, corona ilipofungia watu ndani 2020 kila mtu akawa analicheza, gemu ni lile lile. Afu hili la Kojima ukijenga daraja linatokea kwa mchezaji mwingine huko aliko, anavuka, anakupa laiki. Sisi tuliokaa foleni ya kivuko Kigongo jua la saa nane na watoto, mpaka daraja la Busisi likafunguliwa Juni hiyo hiyo 2025, tunajua raha ya kukuta mtu keshakujengea. We Banda umeliunga intaneti? Bila bando hayo huyaoni, unatembea peke yako tu porini.

Banda_Kirumba
Dada umenigusa, sikuliunga, bando naogopaga. Ila jana kuna dogo mmoja anabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, hajawahi kushika padi, akasimama ananiangalia nimepanga mzigo mpaka juu ya kichwa nashuka mlima. Akasema "bro umepanga juu mno, hapo kwenye mteremko unakwenda chini." Na kweli nikaenda chini, mizigo yote mtoni. Nikampa padi, saa kumi mpaka magharibi hajainuka, na sikumchaji.

PadiMoja_Igoma
Huyo ni mmoja mkuu, bado nasimama palepale. Ila PS5 itoe kwenye foleni ya mpira, iweke pembeni, bei iwe ya saa sio ya mechi.

Banda_Kirumba
Hilo la bei ya saa nalichukua, na bando naunga kesho asubuhi. Dogo kasema wakimaliza kushusha mzigo anakuja na wenzake wawili.