Tupeane uzoefu: muvi gani hadi leo hujui iliishaje?

mzee_wa_deki:
Habari za jioni wakuu. Leo nimepita kwa fundi kufuata feni, nikaona deki ya mikanda imelazwa juu ya kabati, imejaa vumbi. Kidonda kikafunguka upya.

Morogoro, 1999. Baba yangu ni mstaafu wa reli, na kuna vitu viwili hajawahi kuviamini: dawa ya mbu na muvi za mapenzi. Ila hii ya meli, Titanic, mtaa mzima ulikuwa unaiongelea hadi mwenyewe akasema ileteni tuione hiyo meli. Wa umri wangu mnakumbuka, muvi inazidi saa tatu kwa hiyo ilikuwa inakuja mikanda miwili. Laibrari wakanipa mmoja. Wa pili ameazima mtu, rudi Jumatatu.

Tukaangalia hivyo hivyo. Runinga ya inchi 14, sebuleni watu kumi na tisa, wa dirishani sikuwahesabu. Ile sehemu ya kuchorana, mama alisimama mbele ya kioo akatanua khanga kama pazia, akawa anauliza kwa nyuma, "Imepita? Imepita?" Hakuna aliyemjibu haraka. Mkanda ukaishia meli imeshagonga barafu. Kimya. Baba akatikisa kichwa: "Chuma chote kile kizamishwe na barafu? Itafika hiyo."

Nikazungushwa laibrari wiki mbili. Siku mkanda wa pili ulipopatikana watu walijaa kuliko mara ya kwanza, mama akakaanga na maandazi. Nikautia kwenye deki. Chenga, chenga, chenga, halafu akatokea bibi harusi anakata keki.

Kuna mtu alibandika selotepu kwenye kile kitundu cha mkanda akarekodi harusi juu ya meli yetu! Maputo ya pinki, emsii ana suti ya krimu na sauti imemkauka, na mjomba mmoja anacheza peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, hata wakati wa sala. Tulikaa saa nzima tukidhani labda meli itarudi. Baba akasimama, akajinyoosha, akasema, "Si niliwaambia? Wamefika, na wameoana." Akaenda kulala.

Mpaka leo huo ndio msimamo wake, na mimi sijawahi kuitafuta tena. Haya, tupeane uzoefu. Ila tuheshimiane, mtu asiseme mwisho.

Kipara Ngoto:
Inazama.

mzee_wa_deki:
Msimamizi aitwe hapa.

Kipara Ngoto:
Mkuu, imezama tangu 1912, leo ndiyo unaficha?

Zege_Kavu:
Nimecheka kwenye daladala hadi konda kanirudishia chenji zaidi.

Mimi ni mtoto wa vibanda umiza, Manzese. Kiingilio shilingi mia mbili, benchi la mbao lenye msumari mmoja ambao kila siku unakutana na mimi. Tatizo letu lilikuwa jenereta. Stelingi amefungwa kamba, adui anacheka, na wewe unajua kabisa stelingi hafi, unataka tu kujua atajifunguaje. Kioo kinazima. Mwenye kibanda anaingia na tochi: "Jamani petroli. Nani ana mia mia?" Tunachanga. Inawaka dakika kumi, inazima tena. Kuna muvi moja ya wanajeshi msituni nimeichangia petroli mara nne na sikuiona mwisho. Ninavyojua mimi, yule jamaa bado kafungwa kwenye mti.

Neema wa Ubungo:
Mwenye kibanda alikuwa anaizima makusudi huyo.

Zege_Kavu:
Nimelijua hilo nikiwa na miaka thelathini na moja. Ningejuaje na miaka tisa?

Mtu wa Lake:
Sisi huku Kisumu raha yetu ni DJ Afro. Ukizoea kutafsiriwa na yeye, ukienda kuona ile ya Kiingereza unashangaa mbona hawa watu wamenuna hivi.

Zege_Kavu:
Na sisi tulikuwa na Lufufu! Mkanda ukiwa na sauti ya Lufufu hukuhitaji kujua Kiingereza wala Kichina. Nilipokuja kukutana na picha zile zile bila yeye, naona zimepungua chumvi.

Daktari wa Mtaa:
Hapa mniruhusu nitofautiane. Hao watafsiri ndio walioharibu kizazi. Mtu analia amefiwa na mama yake, wewe unaambiwa anadai kodi ya nyumba. Muvi iangaliwe kwa lugha yake, maandishi yawekwe chini.

Zege_Kavu:
Maandishi chini unasoma saa ngapi na mtu wa mbele ana kichwa kama tenki la maji?

Daktari wa Mtaa:
Kaa mbele.

Zege_Kavu:
Mbele kuna msumari.

Mzee Msasani:
Vijana, mnalalamika nyinyi? Sisi tulikuwa na Drive-In, pale Msasani ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Watu wanaingia na magari, wanaegesha, wanatazama sinema wakiwa ndani ya gari. Sauti ilikuwa inatoka kwenye spika ndogo inayotundikwa kwenye kioo cha gari. Sasa sisi tuliokuwa juu ya miti nje ya ukuta tunaona picha tu, sauti hatuna.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja ndiye aliyetutafsiria, na yeye yuko kwenye mti huo huo! Kwa mdomo wake nimeona sinema zaidi ya ishirini. Kuna moja alituambia yule mzee mwenye joho anadai ng'ombe wake walioibiwa. Mwaka juzi mjukuu kanionyesha ile sinema kwenye simu. Yule mzee ni padri, na hakuna ng'ombe hata mmoja.

Neema wa Ubungo:
Shikamoo mzee wangu. Sasa ipi ilikuwa nzuri?

Mzee Msasani:
Marahaba binti. Ya ng'ombe.

Daktari wa Mtaa:
Shikamoo mzee. Nimejiondoa kwenye mjadala.

Pasi_Moto:
Mimi kisa changu kifupi. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, luku moja. Muuaji anavua kinyago, giza. Tukachanga, nikanunua umeme kwa simu. Tokeni ya tarakimu 20 ikaingia kwenye simu, simu ikazima chaji. Tokeni iko ndani ya simu, simu inataka umeme, umeme unataka tokeni. Nilikaa gizani nikamwelewa Ayubu.

Kipara Ngoto:
Kwani majirani hawana simu? Ungechomoa laini.

Pasi_Moto:
Jirani mwenye simu ndiye aliyekuwa anapiga pasi mashuka usiku mpaka ikaisha. Tulikuwa hatusalimiani.

Shoga wa Sinza:
Mwenzenu tamthilia yangu ilienda na analojia. Tarehe 31 Desemba 2012 Dar ilipozimwa mitambo ya zamani, sisi king'amuzi hatukuwa nacho. Baba alisema tusubiri watarudisha. Tukasubiri hadi Pasaka.

Shemeji Mtulivu:
Sikutaka kuandika, ila uzi umenichokoza.

Idi pili, ukweni Tanga. Mimi ni mtu wa Singida, nimeoa miezi minne tu. Tumekula mchana, sebuleni kuna baba mkwe, mama mkwe, mashemeji watatu na mama mdogo mmoja aliyekuja kunikagua. Shemeji mdogo akasema shemeji simu yako ina muvi nzuri, tuunganishe kwenye runinga. Runinga yenyewe mpya, inchi 55, pana kama mlango. Nikaunganisha. Nikajiona mtaalamu.

Sasa rudi nyuma saa moja. Wakati wa kula, mimi na kiherehere changu nilikuwa nimemwandikia kaka yangu kwamba pilau la ukweni halina bizari. Basi tu, maneno ya ndugu. Hakunijibu muda ule.

Muvi imefika pazuri, bomu limebaki sekunde kumi, jamaa hajui akate waya mwekundu au wa bluu. Juu ya kioo, maandishi ya ukubwa wa bango la barabarani: "Hahaha halina bizari? Si ulisema mama mkwe anajua kupika! Tafuna karafuu hivyo hivyo."

Kabla sijaikamata simu ikaja ya pili: "Na lile sofa wameshalitoa nailoni?"

Wakuu, wote tulikuwa tumekalia lile sofa. Mke wangu alinyanyuka, nailoni ikalia krrrr. Nikavuta waya wa runinga ukutani. Bomu sijui kama lililipuka.

Neema wa Ubungo:
NIMEKUFA. Mama mkwe alisemaje?

Pasi_Moto:
Mkuu usituache hapo.

Kipara Ngoto:
Hii chai. Lete vitafunwa.

Zege_Kavu:
Hata kama ni chai, imekolea tangawizi. Shemeji rudi.

Fundi Simu Ilala:
Wakati tunamsubiri, somo. Ukirusha video peke yake kwenda kwenye runinga, meseji hazionekani. Huyu aliakisi skrini nzima, ndiyo maana kila kitu kikapanda. Dawa ni kuweka simu kwenye Usisumbue kabla ya kuunganisha.

Daktari wa Mtaa:
Au weka hali ya ndegeni.

Fundi Simu Ilala:
Ukiweka ndegeni na waifai inakata, mtaangalia ukuta.

Daktari wa Mtaa:
Unaiwasha waifai tena baadaye.

Binti Chumbageni:
Au unaacha kuteta chakula cha watu. Mimi ni wa Tanga, nimekereka. Pilau la Tanga halina bizari? Huyu kaka alizoea lile la bara linalotiwa nyanya likawa jekundu, ndiyo maana hakuitambua bizari.

Mtu wa Lake:
Kwani nyanya haitiwi?

Binti Chumbageni:
Simjibu huyu.

Shoga wa Sinza:
Mimi naweka na karoti 🙈

Binti Chumbageni:
Msimamizi aitwe hapa.

Shemeji Mtulivu:
Nimerudi, nilikuwa nalaza mtoto.

Mama mkwe hakusema neno. Aliingia jikoni. Tukasikia makopo yanagongana. Akarudi na kopo la bizari nyembamba, lile la maziwa ya unga ya zamani, akaliweka mezani mbele yangu taratibu. Akakaa. Akasema, "Washa muvi, baba."

Sikuweza kuiwasha.

Huu ni mwaka wa sita. Kila nikienda, likipakuliwa pilau, kopo linatangulia. Sahani yangu, kijiko changu, kopo langu. Hata mwanangu anajua, majuzi kanisogezea mwenyewe: "Baba, dawa yako."

Neema wa Ubungo:
Huyo mama nampa maua yake. Na sofa je?

Shemeji Mtulivu:
Nailoni imetolewa mwaka jana. Hakuna aliyetaja.

Kipara Ngoto:
Bado nasema chai, ila nimeshiba.

Pasi_Moto:
Mimi ningenunua bizari kilo tano nikapeleka kama zawadi, yaishe.

Daktari wa Mtaa:
Ukipeleka bizari umekiri tena. Peleka sukari.

Mzee Msasani:
Asipeleke kitu. Ale akiomba na ukoko.

Mama Wawili:
Samahani, mimi ni msomaji tu huwa sichangii. mzee_wa_deki, ile harusi kwenye mkanda. Emsii suti ya krimu, maputo ya pinki, Morogoro. Yule mjomba anayecheza peke yake alikuwa na kiraka cha ngozi kwenye viwiko vya koti?

mzee_wa_deki:
Dada umenishtua. Ndiyo. Koti la kahawia.

Kipara Ngoto:
Chai namba mbili, birika lile lile.

Mama Wawili:
Kaka, acha. Hiyo ni harusi ya shangazi yangu. Mwenye kamera alikuja na mkanda mmoja tu na ukajaa kanisani, ukumbini wakakimbia kutafuta mwingine wowote wa kuendelezea. Baadaye ukapotea. Familia nzima tumeona wakivishana pete, hakuna aliyewahi kuona keki ikikatwa. Na huyo mjomba ameshatangulia, hatuna picha yake akicheza hata moja.

Neema wa Ubungo:
Jamani.

Zege_Kavu:
Kumbe na wao hawajaona mwisho.

mzee_wa_deki:
Ngoja nimpigie mzee.

Pasi_Moto:
Tupo hapa hapa, hatulali.

mzee_wa_deki:
Nimeongea naye. Mkanda upo. Alikataa niurudishe laibrari, akalipa faini, akasema muvi nzuri hairudishwi. Upo kwenye sanduku la nyaraka za reli. Anachouliza yeye, hao watu wa kwenye meli wanaendeleaje?

Mama Wawili:
Mwambie wana watoto wanne na mjukuu. Niko Kihonda, kesho naweza kuufuata?

mzee_wa_deki:
Njoo dada, chai ipo, ya kweli. Ila anasema ataufungua muuangalie wote kwanza, na deki yake ilikufa zamani. Nani ana deki nzima Morogoro?

Fundi Simu Ilala:
Ile uliyoiona leo kwa fundi?

mzee_wa_deki:
Naenda asubuhi.

Kipara Ngoto:
Mimi ninayo, niko Msamvu. Ila inatafuna.