Hamsta wadogo wawili kizimba kimoja: madume au majike?

Mgeni_Nakuru: Habari zenu. Nataka hamsta wawili wa aina ndogo (wale vijinyama vya kufuga mfano wa panya) wakae pamoja bila kuzaa. Nichukue madume au majike, na nitawatambuaje wakiwa wachanga?

Baba_Sungura: Ndugu, la kwanza ni undugu wao. Chagua wawili wa uzao mmoja, jinsia moja, wasiowahi kutenganishwa. Mimi ningechukua madume. Majike wakikomaa huweza kugombana vikali, ingawa hakuna dhamana upande wowote. Kuwatambua, mlaze chali kiganjani, tazama matundu mawili chini ya mkia. Ya jike yamekaribiana, nusura yagusane. Ya dume yana nafasi yenye manyoya katikati. Walinganishe wawili pamoja, maana mmoja peke yake hukupoteza. Ukikosea, mimba ni siku 18 hadi 21, na jike hupandwa tena siku ileile anapozaa!

Nyakisumu: Weka magurudumu mawili ya kukimbilia, bakuli mbili, chupa mbili za maji, mbalimbali. Kijumba kiwe na milango miwili, asibanwe mnyonge ndani. Maranda ya mtarakwa usiyatandike kizimbani, yanaumiza mapafu. Hamsta wale wakubwa, aina ya Syria, kila mmoja aishi peke yake.

Mgeni_Nakuru: Asanteni. Wakipigana je?

Baba_Sungura: Kukimbizana na kupiga kelele kidogo ni kawaida. Ukiona damu, au mmoja anafukuzwa chakulani, watenganishe siku hiyohiyo na usiwarudishe tena. Kwa hiyo nunua kizimba cha pili mapema.