TV ya chogo, ving'amuzi viwili, deki na sabufa: njia ipi itapunguza nyaya na rimoti?

Mjukuu_wa_Pangani
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga kwa wazee na nimekabidhiwa kona ya TV. Vilivyopo: TV ya chogo inchi 21, king'amuzi cha antena, king'amuzi cha dishi (kifurushi kiliisha zamani, hakuna anayelipia), deki ya DVD na sabufa. Rimoti tano mezani. Bi mkubwa anataka taarifa ya habari ya saa mbili usiku na tamthilia zake, mzee anataka mpira. Basi.

Nimeshapewa ushauri wa kila aina: kupitisha kila kitu kwenye tundu la antena, kununua swichi ya AV (yale matundu ya picha na sauti) ya kubonyeza, kununua boksi la Android pamoja na kibadilishi cha HDMI, au kuachana na chogo na kuchukua flati. TV yenyewe ni nzima, rangi zimetulia, na bi mkubwa hataki kusikia habari ya kuiuza. Nyuma ina AV1, mbele ina AV2. Nyinyi mngefanyaje?

fundi_chogo
Mkuu, kabla hujanunua chochote, toa king'amuzi cha dishi. Kama hakuna anayelipia, kinakula uniti za Luku tu na kuongeza rimoti.

Njia ya tundu la antena sahau. Watu wanaona nyuma ya king'amuzi pameandikwa RF OUT wanadhani picha inatokea hapo. Kwenye ving'amuzi vingi vya antena lile ni tundu la kupitishia tu: mawimbi yanaingia ya kidijitali na kutoka ya kidijitali, na chogo haiyaelewi. Utatafuta chaneli usiku kucha uambulie chenga. Tangu analojia ilipoanza kuzimwa Dar, Desemba 31, 2012, tuna ya chogo, yaani kile kipokea chaneli cha ndani, haina tena cha kushika huko hewani, kwa hiyo king'amuzi ndicho kinachofanya kazi yote. Ukitaka kweli kupita kwenye antena lazima ununue moduleta, kiboksi cha kugeuza picha ya AV kuwa chaneli ya analojia, na picha yake bado haifikii ya AV.

Swichi ya AV nayo huihitaji. King'amuzi kwenye AV1, deki kwenye AV2, umemaliza.

Asha_wa_Nyaya
Naunga mkono fundi kuhusu swichi. Zile za bei poa zina vitufe vinavyolegea, na ukiugusa waya kidogo sauti ya upande mmoja inakatika.

Kwa anayefikiria boksi la Android kwenye chogo: kuna waya unauzwa una HDMI upande mmoja na pini tatu upande wa pili, njano, nyeupe na nyekundu. Usiuguse. HDMI inatoa data ya kidijitali, AV ya chogo inataka analojia, na waya mtupu hauwezi kubadilisha kitu. Kinachotakiwa ni kile kiboksi kidogo chenye umeme wake wa volti 5 wa USB. Soma juu kimeandikwaje: HDMI2AV ndicho chako, AV2HDMI kinafanya kinyume chake, na kwa sura wanafanana kama mapacha. Kina kiswichi cha PAL na NTSC (mifumo miwili ya picha za TV za analojia) pembeni. Picha ikija nyeusi na nyeupe au inapanda juu bila kutulia, hamisha hicho kwanza kabla hujarudi dukani kugombana.

Lakini kwa wazee wa taarifa ya habari sioni sababu. Maandishi madogo ya menyu za Android kwenye chogo hayasomeki.

Kisauni_Moja
Mimi nitakuwa mpinzani hapa. Huku Mombasa, analojia ilipozimwa mwaka 2015, nyumba nyingi ziliongeza king'amuzi juu ya TV ile ile, na sasa watu wamechoka na viboksi. Flati yenye DVB-T2 ndani, yaani king'amuzi chake cha antena, inashika chaneli za bure moja kwa moja kutoka kwa antena. Rimoti moja, waya mmoja, kwisha. Ndugu yangu, wewe unashona nguo iliyochakaa.

fundi_chogo
Kisauni, kwa nyumba inayoanza upya nakubaliana na wewe mia kwa mia, na umeme inatumia mdogo. Ila aangalie ubavuni pameandikwa T2 kweli, maana flati za mitumba kutoka nje nyingine zina tuna za nchi zao. Na hapa bi mkubwa ameshasema hauzi.

Rudi kwenye rimoti, maana huko ndiko wazee wanakoteseka. Pandisha sauti ya TV kiasi cha kutosha, iache hapo, halafu sauti iongezwe na kupunguzwa kwa rimoti ya king'amuzi. Kwenye AV inafanya kazi vizuri. Rimoti ya TV inabaki ya kuwashia tu. Ila jaribu hivi: TV ikiwa kwenye AV1, zima ukutani, kisha washa. Chogo nyingine zinarudi AV1 zenyewe, nyingine zinarukia chaneli namba moja na kuonyesha chenga. Yako ikiwa ya aina ya pili, bandika kipande cha plasta pembeni ya kitufe cha AV kwenye rimoti. Bi mkubwa atakipata hata gizani.

Mjukuu_wa_Pangani
Nimejaribu, inarudi AV1 yenyewe. Asante fundi. Dishi nimeshalitoa. Ila mzee analalamika matokeo ya mpira yanakatika pembeni, haoni nani kafunga. Na kona ya chini kulia kuna doa la kijani linaloelekea zambarau. TV inaharibika?

Asha_wa_Nyaya
La matokeo: ingia mpangilio wa picha wa king'amuzi, weka 4:3 Letterbox. Kitakuwa kwenye Pan & Scan, kinakata pembeni ili kujaza kioo. Utapata mistari myeusi juu na chini, lakini mzee ataona matokeo.

La doa: sabufa iko wapi?

Mjukuu_wa_Pangani
Imeegemea TV upande wa kulia 😅

fundi_chogo
Sumaku ya spika hiyo. Isogeze mita moja au zaidi, zima TV ukutani, iache ipoe kama nusu saa, halafu washa. Ule mvumo mfupi unaousikia ikiwaka ni koili ya kuondoa usumaku. Doa lisipoisha mara ya kwanza rudia, na kila mara iache ipoe kwanza. Usiifungue kwa sababu ya doa, mle ndani kuna volti zaidi ya 20,000 na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa.

Sabufa yenyewe ichukulie sauti kwenye AV OUT ya TV, siyo kwenye king'amuzi. Hivyo deki nayo itasikika bila kuchomoa waya.

Mjukuu_wa_Pangani
Doa limeisha mara ya pili. Swali la mwisho: AV2 ya mbele ina matundu mawili tu, njano na nyeupe. Pini nyekundu ya deki naiweka wapi?

Asha_wa_Nyaya
Iache inaning'inia, hilo ni tundu la sauti ya mono. Kwenye menyu ya deki badilisha sauti kutoka Stereo kwenda Mono, la sivyo kwenye baadhi ya CD za taarabu utasikia vinanda na mwimbaji humsikii.